Samaki wa picha na samaki wa chungu

Asubuhi moja ya kaskazi iliyopita nilikuwa bandani Msambweni ami yangu alipoteremsha sulisuli kutoka kwenye ngalawa. Alikuwa amenaswa na jarife usiku, mrefu kunishinda mimi, na lile pezi lake la mgongoni limekunjika kama tanga lililoshushwa. Wachuuzi walishaanza kupatana bei na kina mama karanga wameshasogea na ndoo zao. Mtalii mmoja aliyeletwa matembezini kutoka Diani akasimama, akatikisa kichwa, akasema kwa Kiingereza kwamba samaki kama yule hauliwi, huachiliwa.

"Asema nini, mwanangu?" ami akaniuliza.

Nikamfasiria. Akacheka, akaendelea kunoa kisu. "Mwambie huyu nikimwachilia, wale walio nyumbani niwaachilie wapi?"

Sikumfasiria mgeni maneno hayo. Lakini tangu siku ile swali lile limenikaa, na sasa kusi imeanza kulegea, boti za uvuvi wa mchezo zinateremshwa majini Shimoni, na miezi michache ijayo mabishano haya yatarudi pale pale bandani. Ni vizuri tuyazungumze mapema.

Kwa msomaji asiye mtu wa bahari, nieleze kwanza msimu wenyewe. Kuanzia Aprili kusi huvuma kwa nguvu, mawimbi huwa makubwa na maji machafu. Mvuvi wa mtumbwi hubaki ndani ya mwamba, anaambulia tafi na changu, siku nyingine harudi na kitu. Boti za mchezo huvutwa nchi kavu, zikapakwa rangi na injini zikafunguliwa. Shimoni ndiyo hutangulia kufungua msimu, mnamo Agosti, wakati kwingine pwani bado bahari haijatulia, kwa sababu kisiwa cha Pemba hukinga mkondo ule na mawimbi ya bahari kuu, na Wasini hukinga mahali pa kutia nanga.

Jodari ndio hufika mwanzo, makundi kwa makundi, na membe wakipiga mbizi juu yao. Matlai yakipita na kaskazi ikashika, yaani Novemba hadi Januari, ni zamu ya sulisuli. Nduaro, wale wakubwa ambao mtu hupigana nao kwa saa nzima au zaidi, hungojewa kuanzia Desemba hadi Machi maji yakiwa moto na ya buluu kabisa. Kati yao kuna fulusi, nguru na kolekole, ambao hata mvuvi wetu wa mshipi huwapata akirambaza nje ya mwamba.

Kinachowakusanya hapa ni umbo la bahari yenyewe. Maji ya pwani yetu hutiririka kuelekea kaskazini, na yakifika kati ya Pemba na bara hubanwa kama watu mlangoni. Sakafu nayo huporomoka ghafla, kutoka kwenye mwamba hadi mamia ya mita. Pale kwenye ukingo dagaa na samaki wadogo husukumwa juu, na wakubwa hufuata chakula. Hili halikugunduliwa na mtu mwenye mashine ya kupima kina. Wazee wa Wasini, Shimoni, Mkwiro na Vanga wameujua ukingo ule kwa rangi ya maji, kwa membe, na kwa jinsi mkondo unavyobadilika mwezi ukiwa mpevu.

Mwaka 1954 mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway, baada ya kunusurika ajali mbili za ndege huko Uganda, alikuja kwenye kambi ya uvuvi hapo Shimoni, na akaungua vibaya katika moto wa msituni. Mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Nobel. Watalii wanalijua jina lake vizuri sana. Majina ya mabaharia wetu waliowaonyesha wageni wa enzi zile samaki walipo hutayasikia ila ukikaa barazani na wajukuu wao.

Na hapo ndipo penye kidonda. Mtalii hulipa mamia ya dola kukodi boti kwa siku moja. Ana haki ya kulipa anachotaka, na mwenye boti ana gharama zake: mafuta, injini, leseni, bima. Siwaonei kijicho. Lakini fuata ile pesa uone inapokanyaga. Huanzia ofisi ya kukodisha, mara nyingi kwa intaneti kabla mgeni hajapanda ndege, ikapita hoteli, ikapita kituo cha mafuta. Kijijini hufika mishahara ya vijana wawili watatu wa kwenye boti na bakshishi. Na mishahara yenyewe ni ya msimu. Mpwa wangu amefanya kazi hiyo miaka sita. Anajua kufunga chambo, anajua kumsoma samaki kabla hajauma, wateja humwomba kwa jina. Aprili ikifika huambiwa akapumzike mpaka aitwe. Kusi hiyo hiyo inayomfungia ami ndani ya mwamba ndiyo inayomkalisha yeye kwenye mkeka.

Unahodha hajaupata, kwa kuwa hana cheti. Sheria inadai nahodha awe na cheti kinachotambuliwa na KMA, na mimi naiunga mkono, maana roho za watu hazichezewi. Lakini mafunzo na nauli na siku za kukaa Mombasa vinataka pesa, na pesa hiyo kijana anaipata msimu ambao hana nafasi, nafasi anaipata msimu ambao hana pesa.

Tuje kwenye samaki. Uvuvi wa mchezo wa siku hizi, hasa kwa sulisuli na nduaro, ni wa kuvua na kuachilia. Samaki huvutwa hadi ubavuni mwa boti, hupigwa picha, huchomekwa kikamba cha plastiki chenye namba, kisha huachwa aende. Kazi ya kukusanya takwimu za vikamba hivyo hapa kwetu hufanywa na shirika la African Billfish Foundation lenye makao Watamu. Ni kazi ya maana. Pwani hii tungekuwa hatujui lolote kuhusu safari za samaki hawa kama si vikamba.

Nikiri jambo. Mimi nililelewa madrasa, na mwalimu wetu alikuwa mkali juu ya kumfanya kiumbe mwenye roho kuwa shabaha au mchezo. Kuvua ni kwa kula au kuuza. Kwa hiyo mtu anapojisifu mbele yangu kwamba amemtesa nduaro saa mbili kisha akamwachia kwa huruma, moyo wangu haumfuati. Wapo wanaonijibu kwamba anayeachiliwa ana nafasi ya kuishi na kuzaa, na aliye ndooni hana. Jibu lina uzito wake. Bado sijalimaliza kichwani mwangu.

Ninachokikataa waziwazi ni ile hatua inayofuata, ya kusema kwamba kwa kuwa sulisuli ana thamani zaidi akiwa hai, basi mvuvi wa kienyeji azuiwe kumgusa. Maneno haya nimeyasikia Diani zaidi ya mara moja, na wanaoyasema hutoa mifano ya pwani ya Pasifiki. Ni kweli ipo. Nchini Mexico sheria inawatenga sulisuli, nduaro, fulusi na wengine kadhaa wawe wa uvuvi wa mchezo peke yake ndani ya maili 50 za baharini kutoka ufukweni. Utalii wa uvuvi umekua sana huko.

Sasa chukua maili hizo 50 uzilete kwetu. Ni zaidi ya kilomita 90. Kutoka Shimoni hadi Pemba hakufiki umbali huo, kwa hiyo mstari wenyewe ungevuka kisiwa na kuingia Tanzania. Bahari yote ambayo ngalawa ya Msambweni, dau la Gazi au mashua ya Vanga inaweza kuifikia imo ndani ya mstari huo. Ungekuwa umemwambia ami: jodari wa mbali wachukuliwe na meli za kigeni, sulisuli wa karibu achukuliwe na mgeni mwenye kamera, wewe baki na tafi. Tena tayari ana mipaka ya kutosha. Kisite ni hifadhi tangu 1978 na havuliwi mtu humo. Diani-Chale ilitangazwa hifadhi mwaka 1995, na kwa kuwa wavuvi hawakuhusishwa walipinga, na tangazo lile likabaki la makaratasi. Hilo lingetufundisha kitu kuhusu sheria zinazoteremshwa kutoka juu.

Nisiwapake wavuvi wetu asali. Juya la kukokota limepigwa marufuku tangu 2001 na bado tunaliona likivutwa. Nyavu za macho madogo tunazo. Wapo wanaosema bahari haiishi huku wakiuza samaki ambao hawajawahi kuzaa hata mara moja. Na sulisuli wenyewe hawako salama: mwaka 2018 Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Kenya ni mwanachama wake, ilipitisha azimio la kuweka ukomo wa uvuvi wa nduaro na sulisuli, na kukataza kuhifadhi wale wadogo wa chini ya sentimita 60. Bahari ya Hindi nzima inahesabiwa. Sisi hapa Kwale mara nyingi hatuhesabu vizuri hata cha bandani.

Lakini katika kuhesabu huko, mvuvi wa jarife ana kazi ambayo wengi hawaioni. Kikamba cha plastiki hakisemi lolote samaki akiwa anaogelea. Husema pale tu samaki anaposhikwa mara ya pili, na namba ikarudishwa pamoja na tarehe na mahali. Na anayemshika mara ya pili ni nani? Mara moja moja ni boti nyingine ya mchezo. Nyingine ni meli za mbali. Na nyingine ni ami na wenzake. Bila wao nusu ya elimu hiyo ingelala baharini. Mtu wa namna hiyo ni mshirika, na mshirika hafokewi mbele ya ndoo yake.

Mimi ningeanzia kwenye leseni. Uvuvi wa mchezo unatolewa leseni chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016, kwa upande wa serikali kuu. Katiba nayo imeipa kaunti kazi ya uvuvi. Na kule chini kabisa ziko BMU, kamati za wavuvi zilizoundwa kwa kanuni za 2007, ambazo ndizo zinazolinda mwamba, zinazopatanisha ugomvi na zinazotoka usiku kutafuta ngalawa iliyochelewa. Boti ya mchezo hupita mbele ya BMU ikienda na kurudi bila kuteremsha samaki pale, kwa hiyo hailipi kitu pale. Sehemu ya ada ya leseni, au ada ndogo kwa kila safari, ikiingia kwenye akaunti ya BMU ambayo boti inatia nanga mbele yake, hesabu ikabandikwa ukutani kila mwezi watu waione, mazungumzo kuhusu kuachilia sulisuli yatakuwa ya watu wenye fungu moja. Pengine mvuvi mwenyewe atasema: huyu yu hai wavuni, tumwache, ana faida kesho. Leo ukimwambia hivyo unamwambia ampe jirani tajiri zawadi.

Bunge la kaunti ndilo lenye kalamu hiyo, na wawakilishi wetu wa Kinondo, Ramisi, Vanga na Pongwe-Kikoneni wana wapigakura kwenye ngalawa na kwenye boti pia. Pesa za kusomesha vijana vyeti vya unahodha hazihitaji kutafutwa mbali. Mradi wa KEMFSED, unaogharimiwa na Benki ya Dunia, uliingia kaunti za pwani kwa jina la kuinua maisha ya wavuvi. Mafunzo yakiwekwa Mei na Juni, wakati boti ziko nchi kavu na vijana wako mkekani, mpwa wangu hatalazimika kuchagua kati ya darasa na siku ya kazi. Na wenye boti, ambao baadhi yao ni watu waungwana na wameishi hapa kuliko wengi wetu, wangeweza kuahidi jambo moja dogo: nahodha mmoja wa kijiji kwa kila boti mbili, tuanzie hapo.

Nilisahau kusema kitu kuhusu yule sulisuli wa ami. Alipokuwa akimpasua alikuta chini ya pezi la mgongoni kikamba cha plastiki kimeota ukijani wa baharini, na namba bado inasomeka. Hakujua apeleke wapi. Alikipachika kwenye msumari wa nguzo ya banda, karibu na mizani, na kikakaa hapo msimu mzima kama mapambo. Nilikiona wiki mbili zilizopita. Nikakipiga picha, nikamhoji ami tarehe na mahali, naye akakumbuka vyote viwili bila kusita, mpaka upande upepo ulikotoka. Nimeshavituma. Tangu hapo kila tukikutana msikitini ananiuliza kama nimejibiwa, maana anataka kujua samaki wake alitoka wapi.