Nembo ya Chuo Si Dhamana ya Mkopo

Wakopeshaji wengi wakionyeshwa barua ya ajira yenye nembo ya chuo kikuu mashuhuri, hawaulizi tena. Tabia hiyo ni ya hatari.

Machi 2025, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani kilitangaza kufuta ajira zaidi ya 2,000 baada ya kukosa dola milioni 800 za USAID. Kazi 247 zilikuwa Marekani kwenyewe. 1,975 zilikuwa katika nchi 44 za nje. Pigo hilo liliikumba pia Jhpiego, tanzu ya chuo hicho ambayo kwa miaka mingi imefanya shughuli za afya Tanzania na Kenya. Kwa hiyo si habari ya mbali.

Ajabu ni kwamba chuo chenyewe ni tajiri. Mfuko wake wa akiba unapita dola bilioni 10. Lakini sehemu kubwa ya fedha hizo imefungwa kwa makusudi maalumu ya waliozitoa, na hazilipi mishahara ya mradi uliokufa. Mradi ukifungwa, kibarua huota nyasi kwa mtafiti, dereva, mhasibu na karani wa takwimu kwa pamoja. Anayebaki na deni ni mwenye duka.

Anayeuza friji au pikipiki kwa mkopo aulize mambo mawili: mshahara unatoka bajeti ya chuo au ya mradi, na mkataba unaisha lini? Ukibakiza miezi 12, malipo yamalizike ndani ya 9.