Kyela Si Nyanda za Juu

Kila mwaka, Oktoba inapoelekea ukingoni, huwa nasubiri kama wananchi wengine taarifa ya mwelekeo wa mvua za msimu, zile za Novemba hadi Aprili. Na kila mwaka hukutana na sentensi ileile: nyanda za juu kusini-magharibi, yaani mikoa ya Mbeya, Songwe, Rukwa, Njombe na Iringa, zitapata mvua za wastani, au juu ya wastani, au chini yake. Wakulima wanashauriwa kuandaa mashamba, nazo mamlaka husika zinatakiwa kuchukua tahadhari.

Mimi ni mtoto wa Kyela. Wilaya hiyo imo mkoani Mbeya, basi kwenye taarifa nayo ni nyanda za juu. Aliyewahi kushuka na basi kutoka Tukuyu anajua huo ni mzaha. Uso wa Ziwa Nyasa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na tambarare yetu ya mpunga haiinuki sana kuliko hapo. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700. Kwa kawaida ya anga, kila mita 1,000 unazoshuka joto huongezeka takriban nyuzi 6. Anayesikiliza redioni joto la Mbeya mjini akiwa ameketi Ipinda au Matema anasikiliza habari za nchi nyingine. Na hapo bado hatujahesabu unyevu wa ziwa. Kabla ya mvua kushika, Kyela huwa na fukuto lisilopoa hata usiku. Watoto hawalali, jasho halikauki kwa kuwa hewa yenyewe imekwisha kushiba maji. Kipimajoto peke yake hakisemi hilo.

Neno linalonikera zaidi ni hilo "wastani". Mbarali na Kyela ni wilaya za mkoa mmoja, lakini mvua ya bonde la Usangu haifiki nusu ya ile ya Kyela, ambayo huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mtaalamu atanijibu kwamba kila eneo hulinganishwa na historia yake lenyewe. Ni kweli, na ndiyo hoja yangu: kwa Mbarali wastani ni faraja, kwa Kyela wastani ndio unaofurisha. Mkulima akiambiwa mvua zitakuwa za wastani, anaelewa kwamba hakuna la kuogopa. Nani alimwambia vinginevyo?

Kalenda nayo imeshonwa kwa mwili wa mtu mwingine. Kuanzia Machi upepo wa kusi huvuma kulifuata ziwa kwa urefu wake, zaidi ya kilomita 500, ukikusanya unyevu, kisha hugonga milima ya Livingstone na Rungwe na kuumwaga wote juu yetu. Ndiyo maana Aprili, wakati kwingine mkoani mvua zinaaga, kwetu ndiyo kilele, na Mei mito bado imejaa. Mpunga uko karibu kuvunwa. Kakao iliyovundikwa inatafuta jua la kuikausha kabla haijaota ukungu. Usipa hauna mchanga mkavu wa kuanikwa. Msimu wa kwenye karatasi umekwisha.

Sitaki kuwaonea wataalamu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Tangu sheria ya mwaka 2019 ilipoipa taasisi hiyo hadhi ya mamlaka, kazi yake imepanuka. Mwaka 2023 ilitangaza El Niño mapema, na imeanza kushusha utabiri hadi ngazi ya wilaya. Serikali imenunua rada, na Mbeya ni mojawapo ya vituo vilivyopangiwa. Lakini mafuriko ya Kyela mara nyingi hayaanzii Kyela. Huanzia kwenye miteremko ya Rungwe na Busokelo, yakateremka na Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Unaweza kulala chini ya nyota ukaamka maji yamefika mlangoni. Utabiri wa wilaya moja moja, hata uwe mzuri namna gani, hauoni jambo hilo mpaka mtu wa wilaya ya juu aongee na mtu wa wilaya ya chini. Hapo haihitajiki rada. Unahitajika mtu aliyeajiriwa, mwenye kipimamvua, simu, na orodha ya watendaji wa kata.

Wanyakyusa wa zamani walikuwa na Lwembe, mfalme mtakatifu wa Lubaga, ambaye afya yake ilihesabiwa kuwa ndiyo afya ya mvua na ardhi. Monica Wilson aliandika kwamba alipougua sana, makuhani wake walimziba pumzi. Sipendekezi utaratibu huo kwa mkurugenzi yeyote wa halmashauri. Nasema tu kwamba wazee walijua jina la anayewajibika.

Umoja wa Mataifa umetaka kila mtu duniani awe amefikiwa na tahadhari za mapema ifikapo mwisho wa 2027. Basi nawauliza madiwani wa Kyela na wa Rungwe kabla ya bajeti ijayo: mvua kubwa ikinyesha Tukuyu saa nane usiku, ni nani, kwa cheo, anayepiga simu Kyela? Kwetu nyumbani jibu ninalo. Ni shangazi yangu anayeishi Tukuyu. Ana miaka 73, na vocha hununua mwenyewe.