Ziwa Kivu: Rangi inayong'aa isifunike ufa wa kanoti

Kwenye bandari za Goma na Bukavu, kanoti inayong'aa inaaminiwa na abiria kuliko ile yenye rangi iliyochoka. Wenye vyombo wanalijua hilo, mafundi pia. Ndiyo maana kanoti ya fiba ikigonga jiwe, swali la kwanza ambalo fundi anaulizwa si kama kiraka kimeshika. Anaulizwa rangi itakauka lini ili kanoti irudi kazini. Hatari inaanzia hapo.

Kwa familia zilizohama makwao, jambo hili si la mafundi peke yao. Vita vilipokata barabara ya Goma kwenda Minova mwanzoni mwa mwaka 2024, watu wengi walibaki na njia moja tu: ziwa. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo, boti la Merdi lililotoka Minova lilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, na makumi ya watu walikufa mbele ya macho ya ndugu waliokuja kuwapokea. Lile lilikuwa boti lililopakia kupita kiasi. Lakini lilikumbusha kila mtu kwamba mama anayepanda na watoto wake hana namna ya kujua hali ya chombo. Anaona rangi tu.

Na rangi ile ni nini? Kanoti nyingi za fiba zimefunikwa na jelikoti, yaani rezini ya poliesta iliyotiwa rangi. Kiwandani inapakwa kwanza ndani ya kalibu, kisha fiba inafuata nyuma yake. Unene wake ni kama nusu milimita. Inazuia jua na maji na inapendeza, lakini haibebi uzito wowote. Nguvu ya chombo iko kwenye fiba na rezini iliyo chini.

Kiraka kizuri mara nyingi kinafanywa kwa epoksi, kwa sababu epoksi inashika fiba ya zamani kuliko poliesta. Shida inakuja fundi anapotaka kurudisha jelikoti juu ya epoksi hiyo. Rezini hizi mbili si ndugu. Epoksi nyingi zikikauka zinatoa juu utando unaoteleza kama nta, hasa penye baridi na unyevu kama usiku wa Kivu. Jelikoti ikipakwa juu ya utando huo haiivi vizuri: inabaki inanata chini, na baada ya muda inabanduka kama ganda.

Kuna kosa baya zaidi. Fundi aliyezoea poliesta anajua kwamba akiongeza kidogo dawa ya kugandisha, kazi inakwenda haraka. Anafanya vilevile kwa epoksi. Epoksi haiendi hivyo. Kipimo kilichoandikwa kwenye kopo ndicho kipimo. Kigumishi kikizidi hakiharakishi kitu, kinabaki humo bila kufanya kazi, kinadhoofisha kiraka na kuizuia jelikoti iliyo juu isiive. Anayepima kwa macho anacheza na maisha ya watu.

Wapo watakaosema haya ni maneno ya watu wa vitabu, kwamba jelikoti imepakwa juu ya epoksi mara nyingi na ikashika. Ni kweli, inaweza kushika. Lakini iliyoshika ni ile iliyopakwa na fundi aliyeacha epoksi ikomae kabisa, akaiosha kwa maji safi na kitambaa cha kusugulia, ndipo akapiga msasa mkavu. Anayeanza na msasa kabla ya kuosha anausambaza tu ule utando. Pia alijaribu sehemu ndogo kwanza. Na palipo na kiraka kikubwa, praima ya epoksi na juu yake rangi ya poliyurethani ya makopo mawili ni njia ya uhakika zaidi. Kuifunika epoksi ni lazima, maana jua linaiharibu. Ila kufunika si kuficha.

Wengine watasema epoksi ni ghali na siku za kungoja zinakula mapato. Hilo pia ni kweli. Lakini nauli ya abiria ni kamili, hailipwi nusu kwa sababu kiraka ni nusu. Ufa kwenye ubavu wa unene wa milimita 5 unahitaji kuchongwa mteremko wa karibu milimita 60 kila upande ili fiba mpya ishike. Anayejaza mastiki ya magari kwenye ufa huo na kupaka jelikoti juu hajatengeneza kanoti. Ameficha ushahidi.

Mwaka 2019, baada ya watu wengi kuzama kwenye ziwa hilihili, Rais Tshisekedi aliagiza kila abiria avae jile ya kuokolea. Agizo lile lilikuwa la haki. Lakini jile ni ya saa ambayo chombo kimeshashindwa. Kinachotakiwa sasa ni ukaguzi kabla ya rangi: kiraka chochote kilicho chini ya mstari wa maji kionekane na mkaguzi kikiwa wazi, kigongwe kwa sarafu kusikia kama kuna uwazi ndani, na tarehe iandikwe kwenye daftari la chombo. Kazi hiyo haihitaji mashine wala msaada kutoka nje.

Abiria nao wana haki ya kuuliza. Palipo na rangi mpya sehemu moja tu ya ubavu, mtu aguse. Ikinata kwenye kidole, au ikibanduka kwa kucha, amwite mwenye chombo mbele ya watu wote na amuulize kuna nini chini yake. Ni afadhali kuulizana gatini kuliko kutafutana majini.