Timazi na Ubishi wa Barazani

Mabishano ya barazani ni chumvi ya maisha yetu sisi watu wa Pwani. Kuanzia Likoni hadi Vanga, ukipita baada ya Swala ya Alasiri hukosi kukuta wazee na vijana wameketi, kahawa chungu inazungushwa, na watu wanavutana juu ya siasa, mpira, bei ya samaki na mwandamo wa mwezi. Simlaumu mtu apendaye ubishi, maana nami ni mmoja wao. Lakini uko ubishi mmoja ulionikuta Msambweni ambao umenikaa rohoni, nami naona ni haki niulete mbele ya wasomaji, kwa kuwa hauhusu baraza ile peke yake.

Mwenye ubishi huo ni fundi mwashi, mtu mzima mwenye heshima zake, aliyesimamisha nyumba nyingi za mawe katika mji ule. Mzee huyu hakubali kabisa kwamba ardhi yavuta vitu. "Ardhi haina mikono," husema, "itavutaje?" Kwa maoni yake, hewa ndiyo itusukumayo chini. Iko juu yetu, ina uzito, nayo hukandamiza kila kitu: nazi, mtu, hata maji ya bahari. Mwezi unapopita, asema, hewa husogea kando, na maji yakapata nafasi ya kupanda. Mambo hayo ameyafikiri kwa miaka mingi na ameyaandika katika daftari analolitunza kama hati ya shamba.

Lau angeishia hapo, nisingeshika kalamu. Lakini siku ile aliongeza kwamba habari ya uvutano ni uzushi wa Wazungu, na kuwa Mwislamu mwema haifai kuuamini. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili, alikuwa ameketi karibu nami. Akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, basi haya tunayosomeshwa shuleni ni kufuru?"

Nakiri kosa langu. Badala ya kumjibu mtoto, nilicheka. Baraza zima likacheka nami. Mzee akanyamaza, akakunja daftari lake, akaenda zake. Usiku ule sikuona raha. Nilikuwa nimeshinda kwa kicheko, si kwa hoja, na mpwa wangu alirudi nyumbani na swali lake vile vile alivyokuja nalo. Kesho yake nilimwendea mzee nikamtaka radhi, kisha nikamwomba jambo moja tu: tuipime kauli yake, mbele ya wale wale waliocheka.

Alikubali. Alichana karatasi mbili sawasawa kutoka katika daftari lake mwenyewe. Moja tuliiacha ilivyo, ya pili tukaifinya ikawa kidonge. Akaziachilia pamoja. Kidonge kilitua chini upesi, na karatasi iliyo wazi ikashuka ikiyumbayumba kama jani. Nikamwuliza: ikiwa hewa ndiyo isukumayo chini, ni ipi iliyoipa hewa nafasi kubwa zaidi ya kuisukuma? Ni ile iliyo wazi. Mbona basi ndiyo iliyochelewa? Mzee, ambaye si mjinga hata kidogo, alinijibu kwamba hewa ya chini nayo husukuma juu. Jibu zuri! Hewa kweli husukuma pande zote. Lakini jibu hilo ndilo lililoibomoa nyumba, kwa sababu likikubaliwa, yabaki swali: ni nini kinachoamua kwamba kitu kishuke na kisipande?

Tukamwita mkwezi. Akapanda mnazi, akaangua nazi pevu moja na kidaka kimoja, akaviachilia kwa wakati mmoja. Wengi waliweka dhamana kwamba nazi itatangulia mbali. Vilifika karibu pamoja. Mtu mmoja aliomba kirudiwe, kikarudiwa, na mambo yakawa yale yale.

Kwa anayetaka kwenda mbali zaidi, njia ipo. Maabara ya shule yenye pampu ya hewa na bomba la kioo yaweza kuonyesha jambo lenyewe. Ndani ya bomba hutiwa sarafu na unyoya, kisha hewa hunyonywa. Kwa kauli ya mzee wetu, vitu hivyo vingepaswa kuelea, kwa kuwa msukumaji ameondolewa. Lakini ukilipindua bomba, sarafu na unyoya huanguka sawia. Mwaka wa 1971, David Scott wa chombo cha Apollo 15 alifanya vivyo hivyo huko mwezini, mahali pasipo na hewa ya kupumua. Aliachilia nyundo na unyoya, vikagusa mchanga pamoja.

Lakini kwa nini twende mwezini, na sisi tuna bahari mlangoni? Muulize mama wa Gazi au wa Funzi aendaye mwambani kutafuta pweza. Bila ya kufungua kitabu atakwambia kwamba siku za mwezi mchanga na za mwezi kumi na nne ndizo siku za bamvu, maji hupwa mbali sana asubuhi, na kufika alasiri yamejaa hadi juu. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayatoki sana wala hayarudi sana. Tena atakwambia kuwa maji ya leo si saa ya maji ya jana. Kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50. Elimu hiyo ni ya kweli, na maisha yake yaitegemea, kwa sababu bahari haimsubiri mtu aliyekosea hesabu mwambani.

Kauli ya uvutano yaeleza yote hayo kwa mpigo mmoja. Mwezi huyavuta maji ya upande ulio karibu nao zaidi ya unavyoivuta ardhi yenyewe, na huivuta ardhi zaidi ya maji ya upande wa mbali. Ndiyo sababu maji huinuka pande mbili, nasi tukapata kujaa mara mbili kwa siku. Mwezi nao huchelewa kupita juu yetu kwa dakika zile zile 50, na maji huufuata. Jua pia huvuta, ingawa nguvu yake juu ya maji haifiki nusu ya ile ya mwezi. Vikiwa katika mstari mmoja, husaidiana, ikawa bamvu, na katika pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Vikivuta kwa kukingamana, hupunguzana, na tofauti ikashuka hadi kiasi cha mita 1. Kwa kuchanganya mwendo wa jua na mwezi na vipimo vilivyochukuliwa bandarini, wataalamu hutoa jedwali la maji ya Kilindini kwa mwaka mzima kabla mwaka haujaanza, na manahodha wa meli kubwa hulitegemea. Nilimwuliza mzee wetu, "Hewa yako yaweza kunipa saa ya maji kujaa Ijumaa ya mwezi ujao?" Alitazama chini, kisha akasema, "Hilo sijaliandika."

Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye shina la maneno yangu. Mimi sisemi mzee asisikizwe kwa kuwa hakusoma fizikia. Cheti hakimkingi mtu na kukosea. Galileo, mmoja katika mabingwa wakubwa wa elimu hii, aliandika katika kitabu chake cha mwaka wa 1632 kwamba kupwa na kujaa kwatokana na mwendo wa ardhi, akamsuta Kepler kwa kuamini kwamba mwezi wahusika. Kauli yake hasa ilimpa kujaa mara moja kwa siku, ikambidi atafute visingizio vya kuipata mara ya pili. Mvuvi yeyote wa Shimoni angemsahihisha. Miaka 600 hivi kabla yake, al-Biruni alikwisha andika namna watu wa elimu wa Bara Hindi walivyopima kupwa na kujaa kwa siku kwa kuchomoza na kutua kwa mwezi, na kwa mwezi mzima kwa kukua na kupungua kwake. Ilipofika 1687 Newton akatoa kanuni na hesabu. Galileo hakushindwa kwa cheo wala kwa kabila. Alishindwa na maji.

Tena upo mfano wa karibu, wa jirani zetu wa Tanzania. Mwaka wa 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu, akatia maziwa ya moto katika friza kwa kuhofia kukosa nafasi. Yake yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa bila kuchemshwa. Alipouliza sababu, baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, mwalimu alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya watu wote, na wenzake wakamfanya kichekesho. Hakuacha. Huko huko Mkwawa alimwuliza Dokta Denis Osborne, mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi walicheka tena, lakini Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo lile lijaribiwe. Mwaka wa 1969 wawili hao wakachapisha matokeo pamoja, na hata leo duniani jambo hilo laitwa kwa jina la Mpemba.

Wala hadithi haikuishia kwenye sifa. Mwaka wa 2016 wataalamu wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima upya na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha. Wengine wangali wanashindana nao. Hivyo ndivyo elimu inavyokwenda. Mpemba alipata haki ya kusikizwa kwa sababu alikuja na jambo ambalo mtu mwingine angeweza kulijaribu, na kwa sababu hiyo hiyo aliweza kupingwa. Sisi nasi tusidai zaidi ya hapo, wala tusimpe mtu pungufu ya hapo.

Sasa nirudi kwa swali la mpwa wangu, maana ndilo zito. Kuna hatari kubwa katika kuitundika dini juu ya msumari wa fikira ya mtu mmoja. Kijana akiambiwa kwamba Uislamu wasema hewa ndiyo isukumayo, kisha akaenda maabara akaona unyoya ukianguka pasipo hewa, atadhani ni dini iliyoanguka, kumbe ni daftari la mzee wa mtaa. Ni nani atakayebeba dhambi hiyo? Mwenye kauli yake na aseme "mimi naona", asiseme "dini yasema". Dini yetu hutuhimiza kuzitazama mbingu na ardhi kwa mazingatio, na hutuonya vikali tusipunje mizani. Mwenye kusema asilolipima, kisha akalipiga muhuri wa dini, naye amepunja.

Na hili la kwamba ni elimu ya Wazungu halisimami. Mwaka wa 515 wa Hijra, ndio 1121, huko Merv, al-Khazini aliandika kitabu alichokiita Mizani ya Hekima. Humo alieleza mizani ya maji yenye kutambua dhahabu iliyochanganywa na fedha, na akanena kwamba uzito wa kitu hubadilika kwa umbali wake na kitovu cha ulimwengu. Alidhani kitu huzidi uzito kikienda mbali, na katika hilo alikosea. Basi, tumkane? Hasha! Twamheshimu kwa mizani yake, na mizani ndiyo iliyowawezesha waliomfuata kulisahihisha kosa lake. Hata Newton hakusalimika. Einstein alitoa kauli mpya ya uvutano mwaka wa 1915, na watu hawakuikubali kwa maneno matupu. Mwaka wa 1919 Eddington alikwenda hadi kisiwa cha Principe, Afrika ya Magharibi, jua likapatwa, akapima kama mwanga wa nyota wapinda ukipita karibu na jua. Vipimo vilimuunga mkono Einstein. Tena kauli hiyo mpya haikuyatupa maji ya Newton, yangali yakijaa na kupwa kwa hesabu zile zile.

Kwa walimu wetu nasema hivi: mtoto akileta swali la baraza darasani, msimfukuze nalo. Chaneni karatasi mbili. Haigharimu kitu. Kwa wazee wangu nasema kwa adabu: andikeni mnayoyafikiri, bali ukurasa wa mwisho wa kila daftari uwe na jambo ambalo mtu mwingine aweza kulijaribu, na mkubali litakalotoka. Kwa vijana: msiiache fizikia kwa kuogopa kufuru, wala msiwadharau wazee kwa sababu mmeifahamu. Mama wa mwambani alilijua bamvu kabla ya nyinyi kulisoma.

Jioni tulipoagana, nilimwuliza fundi wetu jambo la mwisho. Hizo kuta alizozisimamisha miaka yote, alijuaje kwamba zimenyooka? Akanionyesha timazi lake, kipande cha chuma mwisho wa uzi. "Hili halidanganyi," akasema. Nikamwuliza lamwelekea nani. Alilitazama likining'inia, likatulia. Hakunijibu, akasema tu kwamba atafikiri tena, na daftari akaenda nalo. Nami sikutaka zaidi. Mtu aliyejenga maisha yake yote kwa kulitii timazi, naamini hatashindwa kulitii katika ubishi.