Faili Yako ya Hosi Bado Unaibeba kwa Mkono, na Sio Juu Hatuna Kompyuta

Ushawahi fika hosi kubwa na barua ya rufaa mkononi, alafu daktari anakuuliza vipimo ulifanyiwa wapi? Unamwambia. Anacheki kompyuta yake, hakuna kitu. Basi unarudishwa maabara, unadungwa tena, unalipa tena. Hiyo doh ungenunua dawa.

Usidhani shida ni kompyuta. Kenya tulianza hii kitu kitambo. Kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta 2001. Kazi hiyo ikachangia kuzaliwa kwa OpenMRS 2004, programu ya bure inayotumika nchi kibao. KenyaEMR, ile ya kliniki za HIV, imejengwa juu yake. Na tangu 2011, wizara inakusanya hesabu za nchi nzima kwa DHIS2.

Sasa ngori iko hapa. DHIS2 inajua kituo flani kilitibu malaria mara ngapi mwezi jana, lakini haikujui wewe. KenyaEMR inakujua, lakini kwa kliniki yako. Hosi ya praiveti ina sistimu yake, chemisti wa mtaa ana daftari. Kila mtu anaongea lugha yake.

Ndio ziskizane, lazima vitu vitatu. Moja, namba moja ya mgonjwa kila mahali. Kama hapa umeandikwa Mohamed na pale Muhammad, kwa kompyuta nyinyi ni wasee wawili. Mbili, majina sawa ya magonjwa, vipimo na dawa. Tatu, njia moja ya kutumiana. Duniani wengi wanatumia kiwango kinaitwa FHIR.

Sheria tunayo. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inataka mifumo yote iunganishwe. SHA nayo ikachukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na sistimu mpya ya bilioni 104.8. Lakini 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akasema serikali haimiliki hiyo sistimu. Yaani bomba litakalopitisha siri zako za hosi si letu. Hapo ndio swali kubwa liko.

Maoni yangu? Sistimu ikijua kama umelipa SHA lakini haijui kama penisilini inaweza kukuua, hiyo imeunganisha pesa, haijaunganisha matibabu. Tuipime na mgonjwa aliyezirai akiletwa usiku, hawezi kuongea. Daktari ataona nini?

Kwa sasa jisaidie. Piga picha kila majibu ya maabara. Andika dawa zinazokudhuru, uziweke kwa waleti. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona data yako, so ukienda hosi itishe rekodi zako bila kuogopa. Damu ni yako, majibu pia ni yako.