Wale ni Akina Nani?



Mimi ni mtu wa sheria. Kwa karibu miaka ishirini nimesoma hukumu, sheria za Bunge na majalada ya wateja. Hadithi za vyombo vya angani niliwaachia vijana. Mmoja wa vijana wa kanisa letu aliponiazima Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi iliyochapishwa mwaka 1995, niliipokea kwa adabu tu. Nilipoanza kuisoma, sikuiweka chini.

Dzombo anahukumiwa kifo, anafungiwa katika chombo kimpeleke angani. Badala ya kufa, anafika nchi ya usawa iitwayo Walenisi. Mwandishi aliijua dhuluma. Mwaka 1986, akiwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Nasi mawakili, tukiulizwa kama kulikuwa na sheria ya kuruhusu jambo hilo, hatuna budi kujibu: ndiyo, ilikuwapo. Mamlaka hayo hayakuondolewa hadi mageuzi ya mwaka 1997.

Je, sheria njema pekee yatosha? Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 yaagiza aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Hata hivyo, wakati wa maandamano ya Juni 2024 na baadaye, vijana walichukuliwa na watu wasiojitambulisha, na jamaa zao wakazunguka vituoni bila jibu.

Kinachopungua kimo katika jina la riwaya: wale ni sisi. Nililelewa Shauri Moyo. Vibanda vya Muoroto vilipobomolewa Mei 1990, niliwasikia watu wazima wakisema, "Ni wale wa vibandani." Wiki chache baadaye, Julai 7, polisi walipotawanya umati uwanjani Kamukunji, moshi wa kutoa machozi uliingia nyumbani kwetu. Siku hiyo hakuna aliyesema "wale".

Wakristo wenzangu, aliyemwuliza Yesu jirani yake ni nani alikuwa mwanasheria. Alitaka mpaka: huyu ni wangu, yule si wangu. Akajibiwa kwa habari za mtu aliyeachwa njiani nusura afe, na wacha Mungu wakampita. Swali hilo nami nimeliuliza mara nyingi ofisini, kwa maneno mengine: je, huyu ni mteja wangu?

Basi kijana wa Kayole au Umoja akichukuliwa, tusiulize kwanza alikuwa wa chama gani, wala kama ni muumini wetu. Andikeni jina lake, saa, mahali na nambari ya gari. Nendeni kituoni mkiwa wengi, mchungaji akiwa mbele. Kisha leteni karatasi hiyo kwa wakili siku hiyo hiyo, aiombe mahakama iamuru mtu huyo aletwe mbele yake. Wakili asiye na jina wala saa hana cha kumwonyesha hakimu.

Kitabu cha kijana yule bado ninacho. Nitamrudishia Jumapili, nami nitamwomba kingine.