Laptopu za mtumba zimejaa madukani: ipi inamfaa mwanachuo?

Kila msimu wa masoko ya tumbaku tunapokea swali la aina moja kutoka Urambo, Kaliua na Sikonge. Mtoto amepata chuo, mwenye duka mjini Tabora ana laptopu ya bei nafuu, je, tuichukue? Safari hii swali lina uzito zaidi, kwa sababu laptopu za mtumba ni nyingi na bei yake inashawishi. Zipo nzuri kati ya hizo. Ila wingi huo una chanzo chake, na mzazi akikijua hatauziwa mzigo ambao wengine wameutoa.

Chanzo chenyewe ni hiki. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa bure marekebisho ya usalama ya Windows 10, programu inayoendesha kompyuta nyingi duniani. Iliyochukua nafasi yake, Windows 11, haikubali kila mashine. Kwa kompyuta zenye prosesa ya Intel, kwa kawaida inataka kizazi cha nane au cha baadaye. Ofisi za Ulaya na Marekani zenye mashine za zamani zikalazimika kuzibadilisha. Mashine zinazotolewa hazitupwi zote. Nyingine hununuliwa kwa jumla, hupitia Dubai, hushuka Dar es Salaam, na kutoka Kariakoo huja kwetu kwa basi na kwa treni.

Njia hiyo ya bidhaa si ngeni. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapumzika Tabora, ikaendelea hadi Ujiji, ikiwa imebeba vitambaa vya merikani na kaniki, na shanga za kila rangi. Wenye misafara walijua kwamba shanga inayogombewa katika nchi moja inaweza kukataliwa katika nchi inayofuata. Aliyenunua kwa kutazama bei ya pwani tu alifika bara na mzigo usioweza kumpatia hata chakula. Laptopu nayo ipimwe hivyo hivyo, kwa kazi inayoisubiri huko iendako.

Kwa hiyo tuanze na masomo. Mwanafunzi wa Chuo cha Ardhi Tabora atachora ramani na kutumia programu nzito za michoro na takwimu za ardhi. Huyo anahitaji RAM ya GB 8 kwa uchache, na 16 ikiwezekana. Anayesomea ualimu, au utunzaji wa kumbukumbu katika Chuo cha Utumishi wa Umma, ataandika, atatengeneza majedwali na kutafuta habari kwenye intaneti. Kwake GB 8 zinatosha vizuri, pamoja na diski ya aina ya SSD ya GB 256. SSD ndiyo inayofanya kompyuta iwake upesi, na haiharibiki kirahisi kwa mitikisiko ya safari kama diski za zamani. Ziko kozi ambazo muhula wa kwanza mwanafunzi anaweza kwenda na simu yake na chumba cha kompyuta cha chuo. Maoni yetu ni kwamba mzazi asinunue kabla mtoto hajafika chuoni akauliza walimu na waliomtangulia. Wiki tatu za kusubiri hazimwangushi mtu mtihani.

Ukifika dukani, usiishie kwenye neno "Core i7". Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Omba kuona namba kamili ya prosesa. Ikiwa imeandikwa i7-6600U, ile 6 ya mwanzo ndiyo kizazi, yaani cha sita. Ikiwa ni i5-8250U, ni kizazi cha nane, na ndiyo bora kati ya hizo mbili ingawa jina lake linasikika dogo. Namba ikianza na 10, 11 au 12, basi kizazi ni hicho hicho. Prosesa za AMD zina hesabu yake, lakini Microsoft ina orodha ya zinazokubalika kwenye tovuti yake, na unaweza kuisoma kwa simu ukiwa dukani.

Muuzaji anaweza kukuonyesha mashine ya kizazi cha sita tayari ina Windows 11. Inawezekana, kwa kuwa mafundi wanajua kuiingiza kwa nguvu. Microsoft imesema wazi kuwa mashine za namna hiyo hazina uhakika wa kupata marekebisho. Kwa mwanafunzi anayechomeka flashi yake katika kila steshenari, huo si mchezo, maana virusi vikiingia kazi ya muhula mzima inaweza kupotea. Mashine ya zamani yenye Windows 10 inaweza kuandikishwa ipate marekebisho hadi Oktoba 2026, au kuwekewa Linux, ambayo ni bure na inafaa kwa kuandika. Lakini basi bei yake ishuke hasa, isipunguzwe kwa elfu ishirini za kumfurahisha mteja.

Kuna pia Chromebook. Ni nyepesi na ya bei rahisi, na nyingi zilikuwa za shule za Marekani. Inafanya kazi vizuri palipo na intaneti ya uhakika, lakini programu za kawaida za Windows haziingii. Tena kila toleo lina tarehe ya mwisho ya kupata marekebisho, na kwa nyingi zilizo sokoni tarehe hiyo imeshapita.

Umeme ndio unaosahaulika. Laptopu ambayo betri imekufa ni kama ya mezani: umeme ukikatika, na kazi imekatika. Kwenye mashine ya Windows, mwombe muuzaji afungue Command Prompt na kuandika powercfg /batteryreport. Ripoti itaonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake sasa. Ikiwa umebaki chini ya nusu, hesabu bei ya betri mpya ndani ya mapatano. Kwa nyumba inayotegemea sola, tafuta inayochajiwa kwa tundu la USB-C, kwani inaweza kuchajiwa na pawabenki yenye nguvu au chaja ya betri ya volti 12 bila kupitia inveta inayokula umeme bure.

Kabla ya kulipa, bonyeza kila herufi. Laptopu zilizotoka Ufaransa au Ujerumani zina herufi zilizopangwa tofauti. Izime, uiwashe tena, uone kama inadai nenosiri la kampuni iliyoimiliki, kwa sababu kufuli hilo mafundi wengi hawaliwezi. Chaja iwe yake, si ya kuazima. Dai risiti ya EFD yenye namba ya mashine, na muuzaji aandike kwa mkono siku ngapi atakubali kuipokea ikileta hitilafu. Akikataa kuandika, maduka ni mengi.